Laini Yako Imesajiliwa. Mlezi wa Mwanao Je?

Makamanda, mnakumbuka foleni za NIDA mwaka 2019? Watu waliamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga mstari, wengine na watoto mgongoni, ili wapate namba wakasajili laini kwa alama za vidole. Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Kabla ya hapo, mwaka 2018, zilishatoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni: aliyetaka kuendesha blogu kama hii alitakiwa ajisajili TCRA na alipe ada zilizozidi milioni mbili. Mwalimu ana bodi yake kwa sheria ya 2018. Muuguzi ana baraza lake. Bodaboda anadaiwa leseni kila kona. Mama ntilie akikutwa na bwana afya hajapimwa, ana kesi ya kujibu.

Haya, mtu anayeachiwa mtoto wa miezi minane kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja jioni, kwa malipo, amesajiliwa wapi? Hana daftari popote.

Naandika hivi kwa sababu ya jambo lililotokea mtaani kwetu. Jirani yangu, mama anayefanya kazi kiwandani, alikwenda kumchukua mwanae wa miaka miwili kituoni jioni akamkuta na alama za kuungua mkononi. Mlezi aliondolewa siku ile ile. Mwenye kituo akaomba yaishe kienyeji, akatoa hela ya dawa, basi. Miezi michache baadaye jirani yangu akamwona mlezi yule yule kata ya pili, yuko kituo kingine, kavaa sare, kambeba mtoto wa mtu mwingine. Akaingia kumwambia mwenye kituo. Akajibiwa: "Sasa mama, mimi ningejuaje?"

Nimelifikiria sana jibu lile. Tatizo ni kwamba yule mama wa kituo alisema kweli. Angejuaje? Angemuuliza nani? Afisa ustawi wa jamii hakupelekewa taarifa. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi halikuambiwa. Na hata yule mlezi hakuna aliyemsikiliza. Huenda alimuunguza mtoto kwa makusudi, huenda alikuwa peke yake na watoto kumi na tano na jiko linawaka chumba hicho hicho. Hatutajua. Mtoto hakupata haki, mlezi hakupata nafasi ya kujieleza, na kituo cha pili kilipokea mtu bila kujua lolote.

Watetezi wa Serikali watatuambia sheria ipo. Ndiyo, Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, na vituo vya kulelea watoto mchana na makao ya watoto vinatakiwa kusajiliwa kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Lakini usajili huo ni wa kituo. Hata pale kanuni zinapotaka mlezi awe na sifa fulani, karatasi zake zinabaki kwenye faili la kituo. Akifukuzwa leo Mbagala, kesho anaanza upya Tegeta, na faili halimfuati. Na hapo naongelea vituo vilivyosajiliwa. Vile vya chumba na sebule, ambako ndiko wanakopelekwa watoto wa wauza mboga na wafanyakazi wa viwandani, hata kituo chenyewe hakijulikani.

Na wala siyo watoto peke yao. Mzee aliyepooza anayelishwa na mtu wa kulipwa, kijana mwenye ulemavu wa akili anayeogeshwa na mtu wa kulipwa, hawa nao hawawezi kusema wala kukimbia. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003. Miaka yote hii, nani amewahi kuulizwa mtu anayemlea mzee kwa mshahara ni nani na ametoka wapi?

Siyo kwamba hatari haikujulikana. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na takribani mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Serikali iliupokea utafiti huo yenyewe. Ukafuata mpango wa MTAKUWWA, 2017/18 hadi 2021/22. Makongamano, fulana, kofia. Daftari la walezi hakuna.

Eti haiwezekani? Kabla Uingereza haijafunga mlango wa kuajiri walezi kutoka nje, Julai 2025, kijana wa Kitanzania aliyeomba viza ya kwenda kulea wazee kule alitakiwa kupeleka cheti cha polisi cha kuonyesha hana rekodi ya uhalifu. Cheti hicho kinatolewa na Jeshi letu la Polisi, kwa alama za vidole, hapa hapa. Yaani dola yetu inaweza kumchunguza Mtanzania ili bibi wa Birmingham awe salama. Mtoto wa Mbagala ndiyo teknolojia haijafika.

Na hao Waingereza walijifunza kwa machozi. Mwaka 2002, katika mji wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mwangalizi wa majengo wa shule ya sekondari. Ikagundulika kuwa polisi wa eneo alilotoka walishapokea tuhuma nzito dhidi yake zinazohusu wasichana, lakini shule iliyomwajiri haikuzipata. Tume ikaripoti 2004, sheria ikatungwa 2006. Ila walipitiliza. Walitaka kusajili mamilioni ya watu, hadi wanaojitolea, kelele zikawa nyingi, mpango ukasimamishwa 2010 na sheria ya 2012 ikaupunguza. Kilichobaki ni orodha ya waliozuiwa kufanya kazi na watoto au watu wasiojiweza, na utaratibu wa mwajiri kuuliza kabla ya kuajiri.

Sasa najua kamanda mmoja hapa ameshaanza kuandika: "Unataka tuwape hawa hawa daftari lingine? Watalitumia kutukomesha." Hoja hiyo siipuuzi. Wengi wetu tumelala mahabusu kwa "mkusanyiko usio halali", wengine kwa kuvaa tisheti tu. Leo mpe Serikali mamlaka ya kusema nani ana tabia njema, kesho dada aliyeshangilia kwenye mkutano wetu anaambiwa hafai kulea mtoto. Hofu hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni kuandika sheria vizuri. Tukiliacha suala hili kwa woga, watakaolipa ni watoto ambao hawana kadi ya chama chochote.

Kwa hiyo madai yetu yawe haya:

1. Daftari la taifa la walezi wa kulipwa, tukianza na vituo vya mchana, makao ya watoto na makazi ya wazee. Usajili ufanyike kata, kwa afisa ustawi wa jamii, bure. Ukiweka ada, umetengeneza ulaji na umewasukuma maskini mafichoni.

2. Mtu azuiwe kwa hukumu ya mahakama kwa makosa dhidi ya mwili wa mtu, au kwa shauri la ulezi lililosikilizwa pande zote, na awe na haki ya rufaa. Kukamatwa siyo hukumu. Kesi za kisiasa zisiguse daftari hili.

3. Mzazi au mwajiri aweze kuuliza kwa simu na kujibiwa: amesajiliwa au hajasajiliwa. Hayo tu. Maisha binafsi ya mtu yasianikwe.

4. Mwenye kituo anayemfukuza mlezi kwa kumuumiza mtoto halafu akanyamaza, awajibishwe yeye.

5. Dada wa kazi asibebeshwe mzigo kabla hajalindwa. Amri ya mishahara ya 2022 ilimpangia anayelala kwa bosi kima cha chini cha Sh 60,000 kwa mwezi, na wengi hata hiyo hawakuiona. Naye ni binti wa mtu, yuko nyuma ya geti la mtu, na mara nyingi anayeumizwa ni yeye. Tukitaka kujua yeye ni nani, basi na nyumba anayoingia ijulikane, na mkataba uwepo.

Makamanda, agenda hii siyo ya kungoja uchaguzi. Wiki hii nenda ofisi ya kata yako, uliza vituo vya kulelea watoto vilivyosajiliwa ni vingapi, kisha zunguka mtaani uhesabu vilivyopo. Tuma majibu kwa katibu wa vijana wa jimbo lako. Na ukimwona mtoto ana alama usizozielewa, usikubali "yaishe kienyeji". Piga 116.

Ili siku jirani yangu akiingia tena kituoni kuuliza, mwenye kituo asiweze kumjibu "ningejuaje".