Sweta langu haliuzwi, sungura wangu hawachinjwi

Kenya hii ukifanya kitu chochote kwa mikono, swali la kwanza ni moja tu: "Unauzanga ngapi?" Ukifuga mnyama asiyebweka, swali ni lile lile kwa sura nyingine: "Utachinja lini?"

Kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikifuma masweta, marvin na soksi, na nimekuwa nikiishi na sungura wawili, Njugu na Mandazi, ndani ya bedsita. Maswali hayo mawili nimeulizwa na majirani, keateka, mabeste na hata kondakta wa matatu aliyeniona na sindano zangu nikielekea tao. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini nadhani ni maswali yanayotumaliza vijana polepole, na leo ninataka kukuonyesha kwa nini. Na kabla hujasema haya ni maneno ya watu wenye ganji, tulia. Tutafika hapo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi wanaotuambia "geuza hiyo talanta iwe biashara" huwa hawajapiga hesabu hata siku moja.

Sweta moja la mtu mzima hunila mabunda sita ya uzi. Kwa bei ninayonunulia, Sh200 kila bunda, hiyo ni Sh1,200. Kulifuma hunichukua kama saa 60, jioni baada ya jioni. Sasa mteja anakuja, analishika, analivuta mikono, anasema, "Buda, nitakupa mia nane." Anasema hivyo kwa sababu amezoea Gikomba, ambako sweta safi la mtumba unaweza kulipata kwa bei ya sahani ya chipsi. Hata akipanda hadi Sh1,500, mimi nabaki na Sh300. Gawa kwa saa 60. Hiyo ni Sh5 kwa saa. Hakuna mjengo Nairobi utakaokulipa Sh5 kwa saa, lakini ukiifanya kwa sindano watu watakupigia makofi na kukuita hasola.

Marvin ni story tofauti. Bunda moja, saa tano, nauza Sh700. Ukitoa uzi, nabaki na Sh500, yaani Sh100 kwa saa. Si utajiri, ila si utumwa pia. Kwa hivyo marvin nauza. Mwezi wa saba, Nairobi ikiwa imefunikwa na yale mawingu ya kijivu na kila mtu amejikunja kwa stage, marvin zinaenda zenyewe. Sweta siuzi. Sweta nafuma kwa ajili yangu na watu ninaowapenda, na atakayelitaka nitampa bei ya ukweli: Sh7,200, uzi na kazi yangu kwa kiwango kile kile cha marvin. Mpaka leo hakuna aliyekubali, na sina kinyongo.

Huo ndio msimamo wangu: ukiuza, uza kwa bei inayokuheshimu. Isipowezekana, usiuze. Fanya kwa raha yako au mpe mtu zawadi. Ile njia ya katikati, ya kuuza kwa hasara huku ukijiita mjasiriamali, ndiyo inayowafanya vijana wengi wachukie kitu walichokipenda.

Nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kata kata. Ukiacha chuo, kila mtu anakuwa na mpango wako. Mjomba ana mpango, pasta ana mpango, jirani ana mpango wa kuku. Siku zinapita na hakuna kitu unachoweza kunyooshea kidole useme: hiki nilikianza, hiki nimekimaliza. Kufuma kulinipa hicho. Mshono mmoja, halafu mwingine, safu moja, halafu nyingine. Ukikosea unafumua, unarudi nyuma, unaendelea, na uzi ni ule ule, haujapotea. Mwaka huu nimemaliza masweta matatu, jozi nne za soksi, blanketi moja la mtoto wa dadangu, na marvin nimeacha kuhesabu. Hivyo vitu vipo. Unaweza kuvivaa.

Najua kuna msee anasoma hapa akicheka: mwanaume mzima na sindano za kufuma? Sikiza. Ulaya ya zamani, vyama vya mafundi wa kufuma vilikuwa vya wanaume. Na kama unataka mfano wa juzi, mwaka 2021 kwenye Olimpiki za Tokyo, Tom Daley wa Uingereza alionekana jukwaani akifuma huku wenzake wakishindana. Huyo alikuwa ameshashinda dhahabu ya kupiga mbizi, na alifuma kifuko cha kuihifadhia medali yake. Hapa kwetu, nenda Ukambani uone akina mama wanavyosuka kiondo wakitembea, mkonge mkononi, story zikiendelea. Na vile vitambaa vya makochi nyumbani kwenu, vile unavyoona ni vya kishamba, kuna mtu aliketi akavishona kimoja kimoja. Shosho yako alikuwa na ujuzi ambao wewe unautafuta YouTube kwa bando.

Tukiongea bando na gharama: huhitaji doo nyingi kuanza. Uzi mzuri wa sufu ni ghali, lakini Gikomba kuna masweta ya sufu ambayo hakuna anayeyataka kwa sababu ni makubwa au yana shimo. Nunua moja, lifumue, ufue uzi, uukaushe ukiwa umening'inizwa ili unyooke. Ila kabla ya kulipa, pindua sweta uangalie maungio ya pembeni. Ukiona limekatwa kama kitambaa na kuzungushiwa mashine ukingoni, achana nalo, utapata vipande vifupi vifupi tu. Tafuta lile ambalo vipande vyake vilifumwa vikiwa na umbo, kisha vikaunganishwa kwa uzi mmoja unaofumuka. Ukitaka kujua kama ni sufu kweli, choma kauzi kadogo: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na jivu lake husagika kwa vidole. Uzi wa plastiki huyeyuka ukawa kidonge kigumu.

Haya, sungura.

Sisi Wakenya tumelelewa na hadithi za Sungura mjanja, anayemzidi Fisi akili kila mara. Lakini ukimleta sungura mwenyewe mtaani, anageuka kitoweo ghafla. Njugu na Mandazi ni majike wawili waliokua pamoja. Nilichagua hivyo makusudi, kwa sababu sungura hapendi kuishi peke yake, na dume na jike ukiwaweka pamoja, mimba ni kama siku 31 tu na jike anaweza kushika nyingine punde tu baada ya kuzaa. Bedsita haiwezi hiyo hesabu.

Ukitaka kumfuga mmoja kwa sababu umemwona kwa TikTok, kwanza jua haya. Chakula chake kikuu ni nyasi, mbichi au kavu, wala si karoti. Karoti kwake ni kama peremende. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na nyasi ndizo zinazoyasaga. Mimi hununua robota la nyasi kavu kwa agroveti, linatufikisha karibu miezi mitatu. Avokado usimpe kamwe, tunda wala majani, ni sumu kwake. Hawezi kutapika, kwa hivyo akimeza uzi unaweza kumziba tumbo. Ndiyo maana uzi wangu wote unakaa kwenye debe lenye kifuniko, na waya wa chaja unapita juu ukutani. Akikataa kula nusu siku nzima, hiyo ni dharura, tafuta daktari wa mifugo. Usingoje kesho.

Baridi anaivumilia, joto ndilo adui. Januari na Februari, bati likiwaka, mimi hugandisha maji kwenye chupa kwa friji ya jirani, naifunga kwa soksi kuukuu na kuilaza karibu nao. Wanaiegemea kama wazee kwa baraza. Na ukiwatunza vizuri, sungura anaweza kuishi miaka minane, kumi au zaidi. Huo ni muda mrefu kuliko mahusiano mengi humu Nairobi.

"Lakini si angalau wauze mkojo wao, ni mbolea?" "Si uwanyoe manyoya ufume?" Bana. La kwanza ni kweli, wapo wakulima wanaotumia mkojo wa sungura shambani. La pili ni kweli kwa sungura wa aina ya Angora tu, wenye manyoya marefu yanayovunwa karibu kila miezi mitatu. Wangu ni wa kawaida, manyoya yao hata kwa kitana hayatoshi kufuma kidole cha soksi. Na hata hao wa Angora, angalia kilichotokea pesa zilipoingia. Mwaka 2013 shirika la PETA lilitoa video ya sungura wakinyonyolewa wakiwa hai huko China, wakipiga kelele. Kampuni kadhaa kubwa za nguo, H&M ikiwemo, zikasimamisha bidhaa za angora. Manyoya yale yanaweza kukatwa kwa makasi bila kumuumiza mnyama. Lakini mnyama akishakuwa mashine ya pesa, kuna mtu atatafuta njia ya haraka zaidi.

Na sisi wenyewe hatuna kumbukumbu nzuri. Unakumbuka kware? Mwaka 2013 kila mtu alikuwa na kware, mayai yakawa kama dhahabu, watu wakachukua mikopo. Mwaka 2014 bei ikaanguka, watu wakabaki na vizimba na madeni. Sisemi kufuga kwa biashara ni vibaya. Wapo wakulima wa sungura wanaojua kazi yao, na nawaheshimu. Ninachosema ni kwamba si kila kinachopumua ndani ya nyumba yako ni fursa.

Sasa lile swali nililoahidi. Utaniambia: "Bro, mimi nina rent. Raha ni ya watu wa Kilimani." Nakuelewa, kwa sababu mimi pia nina rent, na kuna miezi nimemwambia keateka "wiki ijayo" mara tatu. Sikwambii uache kutafuta. Marvin zangu zinalipa uzi na nyasi, na vibarua vingine ndivyo vinavyolipa nyumba. Ninachokataa ni wazo kwamba mtu asiye na pesa hana haki ya kuwa na kitu ambacho si cha kuuza. Hilo wazo ndilo linalotuambia sisi ni mikono tu, tuko hapa kuzalisha basi. Tajiri akipanda maua, tunasema ana hobi. Kijana wa Githurai akifuma, tunamuuliza bei. Kwa nini?

Na usidhani muda huo ungekuwa pesa. Saa zangu za kufuma ni zile ambazo wengi tunazimaliza kwa simu, tukitazama maisha ya watu wengine hadi saa saba usiku. Stima ikipotea, mimi naendelea kufuma kwa mwanga wa mshumaa, vidole vinaijua njia. Njugu analala miguuni, akisaga meno yake taratibu, sauti ndogo ambayo sungura hutoa akiwa ametulia. Mandazi anaruka hewani akijipindua bila sababu yoyote. Sungura hufanya hivyo akiwa na furaha. Halipwi.

Kwa hivyo nakupa kazi moja, wewe unayesoma hii ukiwa kwa foleni au kwa matatu. Chagua kitu kimoja unachopenda kufanya kwa mikono yako: kufuma, kuchora, kupanda sukuma kwa gunia, kutengeneza redio mbovu, chochote. Kipige hesabu kwa uaminifu, saa zako zikiwemo. Kama kinalipa na unataka kukiuza, uza bila aibu na usikubali kuteremshwa bei. Kama hakilipi, kiondoe kabisa kwenye orodha ya hasol na ukiendeleze kwa sababu unakipenda.

Halafu mtu akikuuliza unauza ngapi, mwambie hakiuzwi. Atashangaa kidogo, kisha atauliza ulijifunzia wapi. Mimi nimewafundisha watatu kufuma hivyo, na mmoja wao ni yule kondakta.