SIKU ILIYOPOTEA INA BEI YAKE

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa tawi letu neno moja lilileta kelele nyingi. Timu yetu ya mpira ilikwenda kucheza siku ya kazi, na wachezaji wawili wakakatwa mshahara wa siku ile. Tuliomba mfuko wa tawi uwarudishie. Wenzetu wengine wakacheka, wakasema, "Mchezo ni mchezo. Anayetaka pesa na aende kazini."

Sisi hatukubali. Tena maneno hayo si mapya. Yalisemwa Uingereza zaidi ya miaka 130 iliyopita, na inafaa tujue yalileta nini.

Huko Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, kuna mji mdogo uitwao Featherstone. Watu wake walikuwa wachimba makaa ya mawe. Mwaka 1893 matajiri wa migodi walitaka kupunguza mishahara kwa robo nzima. Wachimbaji walipokataa wakafungiwa nje ya kazi. Tarehe 7 Septemba umati ulikusanyika penye mgodi wa Ackton Hall. Wanajeshi wakaitwa, wakapiga risasi. James Gibbs na James Duggan wakafa.

Mwezi ule ule wakuu wa mchezo wa raga walikutana London. Klabu za kaskazini zilileta ombi dogo: mchezaji akiacha kazi ya mgodini au kiwandani ili acheze, alipwe ujira alioupoteza. Hawakuomba utajiri, waliomba tu mtu asirudi nyumbani mikono mitupu. Ombi likashindwa kwa kura 282 kwa 136. Wengi wa waliokataa walikuwa watu wenye mali, waliosoma shule za wakubwa. Wao wakicheza hakuna aliyewakata kitu. Ni rahisi kumwambia mwenzako acheze kwa mapenzi tu, ikiwa chakula chako kimo mezani tayari.

Tarehe 29 Agosti 1895 klabu za kaskazini zikakutana katika hoteli moja mjini Huddersfield, zikajitenga na kuunda umoja wao. Wakapanga malipo ya muda uliopotea, yasiyozidi shilingi 6 kwa siku. Wakuu wa zamani wakafunga mlango: mtu akicheza na wale waliojitenga, hana ruhusa kurudi kwao tena. Umoja ule haukufa. Mwaka 1906 ukapunguza wachezaji kutoka 15 hata 13, na huo ndio mchezo unaoitwa raga ya ligi.

Watu wa Featherstone wakaunda klabu yao, Featherstone Rovers, mwaka 1902. Mwaka 1921 ikaingia katika ligi kubwa. Mchezaji alilipwa kwa mechi, lakini baada ya mechi alishuka shimoni kama wenzake. Katika nchi ile ya makaa kulikuwa na msemo kwamba ukitaka mchezaji wa mbele mwenye nguvu, simama mdomoni mwa shimo upige mluzi. Klabu za miji mikubwa zilikuwa na fedha nyingi kuliko wao. Hata hivyo mji huu mdogo ulichukua Kombe la Challenge pale Wembley mara tatu: 1967, 1973 na 1983. Mwaka 1983 watu wengi walidhani Hull watashinda bila taabu, lakini Featherstone wakawapiga 14 kwa 12.

Halafu mambo yakageuka. Mgomo mkubwa wa wachimba makaa ulianza mwaka 1984 ukaisha 1985, na wachimbaji wakashindwa. Mwaka huo huo wa 1985 mgodi wa Ackton Hall ukafungwa. Mwaka 1995 ikaja fedha ya kampuni ya Rupert Murdoch, tajiri wa magazeti na televisheni: pauni milioni 87 kwa miaka mitano. Wakuu wa ligi wakataka Featherstone, Castleford na Wakefield Trinity zivunjwe ziwe klabu moja. Wapenzi wa klabu wakapinga kwa nguvu, na shauri lile likaanguka. Lakini ligi mpya ilipoanza mwaka 1996, Featherstone hawakuwamo.

Na sikilizeni jambo la ajabu. Mwaka ule ule wa 1995 wale wakuu wa raga ya zamani nao waliruhusu wachezaji wao walipwe. Miaka 100 kamili walisema ni aibu!

Ndugu, hapa tunaona fedha za namna mbili. Zile shilingi 6 zilimwezesha mfanya kazi kucheza bila watoto wake kulala njaa. Zile milioni 87 zilikuja pamoja na amri, na mwenye fedha ndiye aliyesema nani aishi na nani avunjwe. Wenzetu wanaoogopa kwamba fedha itaharibu mchezo hawakosi kabisa. Lakini wasichanganye mambo haya mawili. Kulipa siku iliyopotea si kununua mtu.

Basi shauri letu ni hili. Mchezaji akikatwa mshahara kwa ajili ya timu ya tawi, mfuko umrudishie ile siku moja, bila kuongeza hata senti. Daftari la malipo lisomwe mbele ya wanachama wote kila mwezi. Na akija tajiri wa nje kutaka kutununulia jezi na viatu, tumwulize kwanza anataka nini badala yake.

Mkutano ujao njoni mpige kura. Wale wawili waliokatwa walivaa rangi za tawi letu sote. Hasara yao isiwe yao peke yao.

Ni sisi wenzenu wa karakana ya reli.