Umezamisha meli zote, mbona bado umeshindwa?

Hili nalisema najua kuna watu watanikasirikia: vijana wengi wa Mombasa wanaocheza gemu za mikakati hawajui vita vya baharini. Watoto wa kisiwa! Maji yako pande zote, lakini tukipewa ramani yenye bahari twacheza kama tumeyaona maji jana.

Angalia mtu wa kawaida akicheza Age of Empires II kwenye saiba yoyote hapa Mwembe Tayari. Anajenga gati, anatoa meli za vita, anazikusanya zote pamoja kama genge, halafu anaanza kuwinda meli za mwenzake. Akizamisha kumi anapiga kelele mpaka mwenye saiba anamwambia ashushe sauti. Baada ya dakika ishirini hivi anashangaa, huyu mtu ametoa wapi jeshi kubwa hivi? Ametoa kwenye samaki, bro. Wakati wewe wakimbizana na meli zake za vita, mashua zake za uvuvi zilikuwa zavua kwa raha kona nyingine ya ramani. Samaki ni chakula, na chakula ndicho kinachotoa wanajeshi.

Kushinda pambano ni kitu kimoja, kushika bahari ni kitu kingine. Na nyinyi mnaoishi Mombasa hamna kisingizio cha kutolijua hilo, manake mji huu ndio ushahidi wenyewe.

Tuanze na gemu hiyohiyo. Mwaka 2015 waliiongezea sehemu ya Afrika, na ndani yake kuna kampeni ya Francisco de Almeida. Wengi wenu mmeimaliza. Wajua huyo Almeida ni nani? Ndiye Mreno aliyekuja na meli zake Agosti 1505, akitoka kuipiga Kilwa, akaivamia Mombasa, akaipora na kuichoma moto. Yaani kijana wa Mji wa Kale anakaa kwenye kiti, anashika mausi, na anamsaidia yule aliyechoma nyumba za mababu wa jirani zake. Mimi sisemi usicheze. Cheza. Lakini ujue unamchezea nani.

Sasa twende kwenye mkakati. Kwa akili ya wachezaji wetu, Almeida alishinda 1505. Mizinga yake ilikuwa mikubwa, mji ukaungua, gemu imeisha. Lakini haikuisha. Wareno walipakia walichopora wakaondoka, na watu wa Mombasa wakarudi wakajenga tena. Mwaka 1528 Wareno wakaja chini ya Nuno da Cunha, wakauchoma mji mara ya pili. Mji ukasimama tena. Mwaka 1589 wakalazimika kuja tena. Hebu jiulize, mtu aliyeshika bahari mbona anarudi kupigana palepale kila baada ya muda?

Hiyo ya 1589 ina somo lake, na wengi hawaijui. Nahodha Mturuki, Mir Ali Bey, alikuwa Mombasa na meli chache, na wenyeji walikuwa wamempokea kwa sababu walikuwa wamechoka na Wareno. Upande wa bara, kule Makupa, Wazimba walikuwa wanataka kuvuka waingie kisiwani. Mir Ali Bey akagawanya nguvu: baadhi ya meli zikaenda kulinda kivuko, nyingine zikabaki bandarini. Kikosi kikubwa cha Wareno kutoka Goa kikaingia na kumkuta amejigawa. Meli zake zikachukuliwa, na yeye mwenyewe akatekwa. Ukiwa na meli chache usizitawanye, hata kama moyo unakuambia kila kona yahitaji mlinzi.

Baada ya hapo Wareno wakaelewa kwamba meli peke yake haitoshi. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na 1596 ikakamilika. Tazama ilipowekwa: juu ya mwamba, kwenye mlango wa bandari ya kale. Kila chombo kinachoingia bandari ile kinapita mbele ya mizinga yake. Kwa ngome moja walipata kile ambacho kuchoma mji mara tatu hakukuwapa.

Basi inakuja mechi kubwa. Watu wa Mombasa waliomba msaada Oman, na Machi 1696 jeshi la Imamu Saif bin Sultan likaizingira ngome. Mzingiro uliendelea mpaka Desemba 1698. Miezi 33! Kuna wachezaji wakizingira ngome dakika tano bila kuanguka wanazima kompyuta.

Kwa nini ulichukua muda wote huo? Kwa sababu njia ya bahari haikufungwa sawasawa. Wareno waliweza kuleta watu na vyakula kwa meli. Malkia Fatuma wa Unguja, rafiki wa Wareno, alijaribu kuwapelekea chakula. Na ndani ya ngome hawakuwa Wareno peke yao, walikuwemo Waswahili pia, kama Bwana Daud wa Faza na watu wake. Kwa hiyo usije ukaniambia hadithi ya "sisi dhidi ya wao". Watu wa pwani walikuwa pande zote mbili za ukuta.

Mwaka 1697 Wareno wakaleta meli kubwa ya kivita, Santo António de Tanná. Ingekuwa gemu, hiyo ndiyo ile meli unayokusanyia dhahabu nusu saa ukidhani itamaliza kila kitu. Ikazama palepale mbele ya ngome. Wapiga mbizi walianza kuichimbua 1977, na vitu vilivyotolewa humo viko kwenye makumbusho ndani ya ngome. Kutoka Mwembe Tayari ni tuktuk tu mpaka hapo.

Waliobaki ndani hawakumalizwa na mizinga. Maradhi na njaa ndivyo vilivyowamaliza, mpaka mwisho Wareno walionusurika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Ngome ilipoanguka, meli za msaada kutoka Goa zilikuwa njiani na pepo za kaskazi. Zilifika wiki moja baadaye. Zikaona bendera ya Oman juu ya ukuta, zikageuza. Kikosi kizima kimeshindwa bila kupiga mzinga, kwa sababu ya siku saba.

Wanaocheza Europa Universalis IV wanalijua hili kwa tarakimu. Ukizingira ngome ya pwani bila kufunga bandari yake, gemu inakukata alama kila awamu, na mzingiro unajivuta mpaka pesa zako ziishe. Waliotengeneza gemu hawakulitoa hewani. Ndivyo bahari inavyofanya kazi. Na sisi wa Mwembe Tayari ndio tungepaswa kulielewa wa kwanza: lori la mboga likikwama njiani, sokoni nyanya zinapanda bei siku hiyohiyo, na hakuna aliyerusha hata jiwe.

Najua mtaniambia, "Lakini mizinga inashinda, tazama Diu 1509." Kweli, Almeida alishinda Diu kwa mizinga na hilo silipingi. Lakini soma mwisho wake. Akiwa njiani kurudi Ureno, 1510, meli zikasimama karibu na Rasi ya Tumaini Jema kuchukua maji na chakula. Ukazuka ugomvi na Wakhoikhoi wenyeji wa pale, na Almeida akauawa ufukweni. Bingwa wa mizinga ya baharini amekufia mchangani, safari ya kutafuta maji na chakula.

Kwa hiyo ukicheza wikendi hii, kabla ya kuuliza meli za adui ziko wapi, uliza anakula wapi. Ua uvuvi wake. Kata meli zake za biashara. Weka meli mlangoni pa bandari yake na uziache hapo, hata kama yaboa. Ukishinda pambano usirudi nyumbani kusherehekea, bomoa gati, la sivyo utarudi palepale kama Wareno.

Na kitu kimoja gemu haitakuonyesha: kwenye skrini mzingiro ni mstari unaojaa taratibu. Pale ngomeni, miezi 33 ilikuwa watu wanaokonda na kuzikana, wengine wakizungumza Kiswahili hikihiki. Na walioita Oman iwaokoe walipata watawala wapya, hawakupata mji wao. Ukishawajua hao, hutabonyeza "zingira" kwa wepesi uleule.

Nina changamoto. Fungua Europa Universalis, acha Ureno, chagua Mombasa mwaka 1444. Una zaidi ya miaka hamsini kabla ya Vasco da Gama kutokea 1498. Nambieni mtazitumia kujenga nini. Mkianza na meli kubwa ya vita, tutagombana.