Dawa ya Kugandishia Faiba si Fashifashi

Boti za faiba si jambo geni tena katika visiwa vyetu. Mbao nzuri za kuundia mashua zimekuwa adimu, na mwaka 2022 Serikali yenyewe iliwagawia wavuvi na wakulima wa mwani boti za aina hiyo. Hilo ni jema, wala hatukusudii kulitia doa. Tunalotaka kulisema leo linahusu kichupa kidogo kinachoandamana na kazi hiyo, ambacho baadhi ya vijana wetu, hasa Idi inapokaribia, wameanza kukitazama kama kitu cha kuchezea fashifashi.

Fundi wa faiba hupaka resini juu ya kitambaa cha nyuzi za kioo. Resini peke yake ni majimaji mazito mfano wa asali. Ili igande hutiwa dawa, aghalabu sehemu 1 au 2 kwa kila sehemu 100 za resini. Dawa hiyo ni ya ukoo wa peroksaidi za kikaboni, na itumikayo zaidi huitwa methili ethili ketoni peroksaidi. Ndani ya kila molekuli yake mna atomi za oksijeni zilizoshikana mbili mbili kwa kifungo dhaifu. Kifungo hicho kikikatika, vipande vinavyobaki hukamata chochote kilicho karibu, na hivyo huziunganisha molekuli za resini moja baada ya nyingine mpaka zikawa mwili mmoja mgumu. Wakati huo huo joto hutoka. Fundi aliyewahi kubakiza resini nyingi katika kopo analijua joto hilo: kopo hufuka moshi, na likiwa la plastiki huyeyuka.

Inafaa ieleweke kwamba dawa hii imebeba ndani yake kinachoungua na oksijeni ya kukisaidia kuungua. Viwandani huchanganywa na mafuta maalumu ili itulie, na hivyo ndivyo inavyouzwa. Lakini utulivu huo una mpaka. Jua kali huuvunja, kutu huuvunja, vumbi la shaba huuvunja. Kibaya kuliko vyote ni kile kioevu cha zambarau chenye kobalti, kinachotiwa katika resini ili kuharakisha kuganda. Kobalti na peroksaidi zikikutana peke yake, bila ya resini baina yao, huweza kulipuka papo hapo. Ndiyo maana kobalti hutangulia kukorogwa ndani ya resini, na peroksaidi hufuata baadaye.

Katika nchi za nje wako watu wanaojitengenezea fashifashi majumbani kwa burudani, na miongoni mwao wako waliojaribu kutumia resini na dawa hii kushikamanisha unga wa baruti. Msomaji aliyefuatana nasi hadi hapa ataona mara moja upungufu wa akili ulio katika jambo hilo. Joto la kuganda huzaliwa ndani ya unga wenyewe, na madini yaliyomo katika unga huweza kuivunja peroksaidi. Hapo moto haungoji kibiriti, na mikono iliyokuwa ikikoroga ndiyo ya mwanzo kuungua.

Wala tusidhani kwamba ujuzi na mashine za nchi kubwa ni kinga. Mwezi Julai 1964, ghala moja mjini Tokyo lililowekwa kemikali, peroksaidi hii ikiwa mojawapo, liliwaka moto na kulipuka, na wazima moto 19 wakapoteza maisha. Mwezi Agosti 2017 huko Crosby, katika jimbo la Texas nchini Marekani, mafuriko ya kimbunga yalikata umeme wa kiwanda cha peroksaidi za kikaboni. Majokofu yakazimika, dawa ikapata joto, nayo ikajiwasha yenyewe. Wakaazi wa maili moja na nusu kuzunguka kiwanda walihamishwa.

Dawa ya mafundi wetu haihitaji jokofu kama ile ya Crosby. Huhitaji mahali pa baridi na kivuli, pasipozidi nyuzi 30. Lakini ni banda gani la bati hapa Unguja au Pemba lisilopita nyuzi 30 mchana wa mwezi wa Februari?

Tumewahi kuona kwa macho yetu dawa hii imetiwa katika chupa ya soda, chupa imewekwa dirishani mwa karakana, jua la adhuhuri linaipiga, na chini yake watoto wanacheza nage. Dawa haina rangi. Ni kama maji. Mtoto mwenye kiu hatauliza. Ikimezwa huunguza koo na tumbo, na huweza kuua. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, bali akimbizwe hospitali. Ikiruka jichoni huweza kupofua, kwa hiyo jicho lioshwe pale pale kwa maji mengi yasiyopungua dakika 15, kisha ndiyo safari ya hospitali ianze. Ni mafundi wangapi wanaovaa miwani ya kazi? Sisi siku ile hatukumwona hata mmoja.

Tunawaomba ndugu zetu mafundi waiweke dawa katika chombo chake cha asili, ambacho kifuniko chake kimetengenezwa kupumua, mbali na kobalti na mbali na jiko. Iliyobaki kikombeni isirudishwe chupani.

Kwa upande wa Serikali, Ofisi ya Mkemia Mkuu na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi hazina budi kuzipitia karakana na maduka yanayouza dawa hii, na kuyafanya hayo kabla ya sikukuu, si baada ya msiba. Maelezo ya hatari yaandikwe kwa Kiswahili juu ya kila chupa. Boti za abiria zisiichukue pamoja na mizigo ya kawaida. Muuzaji asimuuzie mtoto, hata akidai kwamba ametumwa na baba yake. Na duka litakaloonekana likiipima dawa hii kwa chupa za soda lifungwe siku hiyo hiyo.