Simu Inaponyamaza Safarini



Vyuo vinapofunguliwa, wazazi wengi wetu huwasindikiza vijana hadi Miritini kupanda treni ya Nairobi. Mama hurudi nyumbani na simu mkononi. Mazungumzo huendelea vyema, kisha ghafla sauti hukatika, ujumbe hauonyeshi kupokewa, na nambari haipatikani. Tumeona nyumba nzima ikishikwa na hofu, jamaa wakipigiana simu na uvumi wa ajali ukienea, ilhali msafiri amelala kitini mwake salama salimini.

Yafaa tuijue sababu. Simu huwasiliana na mnara ulio karibu nayo. Chombo kinapokwenda, hulazimika kuuacha mnara mmoja na kuushika mwingine, na makabidhiano hayo yakichelewa, mawasiliano hukatika. Treni hiyo hufikia kilomita 120 kwa saa, yaani kilomita 2 kila dakika, hivyo minara hupitwa upesi. Chuma cha behewa nacho hudhoofisha mawimbi, na mamia ya abiria huuelemea mnara mmoja kwa pamoja. Isitoshe, njia hukata nyika ya Tsavo yenye wakaazi wachache, nayo minara hujengwa zaidi penye watu.

Basi tufanyeje? Kabla ya safari, tukubaliane na vijana wetu mahali pa kutoa habari, kwa mfano wakaribiapo Voi, Mtito Andei na wafikapo mwisho. Ujumbe mfupi wa maandishi hutosha, kwani mara nyingi hupita pale ambapo intaneti haiwezi kubeba sauti wala picha. Visomo na mawaidha wanayotaka kusikiliza wayapakue nyumbani mapema. Simu nayo ijazwe chaji, maana itafutapo mtandao kila mara huimaliza haraka. Na aliyeshika usukani asipigiwe kamwe. Tumsubiri asimamishe gari.

Wasafiri nanyi, msilifanye jambo hili dogo. Mkifika, kabla ya kufungua mizigo, mjulisheni mama. Maneno mawili, "Nimefika salama", humwondolea mzigo wa kutwa nzima.

Nasi tuliobaki nyumbani tukumbuke kwamba kimya cha simu si habari mbaya. Tusisambaze hofu tusiyo na hakika nayo. Tuwaombee wasafiri wetu dua na tuwadhanie kheri, mpaka mtandao urudi.

Wabillahi tawfiq.