Nisba na Lakabu za Wanafalsafa



Vijana wetu waliomo skuli hukutana vitabuni na majina ya Avicenna na Averroes, wakadhani kuwa hao walikuwa Wazungu wa zama za kale. Wakiambiwa kuwa ndio Ibn Sina na Ibn Rushd, huuliza: Je, hao walikuwa Waarabu, au Waajemi, au Waturuki? Suali hili lina faida, nasi leo tutalieleza kwa kadiri ya nafasi yetu.

Kwanza yapasa kujua desturi ya majina. Waislamu wa zamani walimtambua mtu kwa jina lake na la babaye, kwa kunya kama Abu Ali, kwa nisba na kwa lakabu. Nisba humtegemeza mtu kwenye mji, kabila, kazi au madhehebu. Haikuwa cheti cha uraia. Kwetu pwani jambo hili si geni. Marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912, na neno Farsy maana yake ni Mwajemi. Lakini nani aliyemhisabu kuwa ni mgeni wa Uajemi?

Lakabu nayo hutolewa na watu, na kila lakabu ina sababu yake. Al-Kindi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliitwa Mwanafalsafa wa Waarabu kwa kuwa alikuwa wa kabila la Kinda, na wengi waliomfuatia katika elimu ile hawakuwa Waarabu kwa nasaba. Al-Farabi aliitwa Mwalimu wa Pili, kwani wa kwanza kwao alikuwa Aristotle. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitwa Hujjatul Islam, yaani Hoja ya Uislamu. Walakini hiyo nisba yake ya Ghazali wanachuoni wameikhitalifia: wako wasemao yatokana na kazi ya kusokota nyuzi, na wako wasemao yatokana na jina la kijiji.

Tazameni sasa habari ya Ibn Sina. Babaye alitoka Balkh, mji ambao leo umo Afghanistan. Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, ambayo leo imo Uzbekistan. Alifariki mwaka 1037, akazikwa Hamadan, katika Iran ya leo. Na hapo Hamadan alipata kuwa waziri. Kitabu chake mashuhuri cha utabibu, al-Qanun, alikiandika kwa Kiarabu, na kitabu kingine cha falsafa akakiandika kwa Kiajemi. Leo Iran yamtukuza kwa kaburi lake, Uzbekistan kwa mahali pa kuzaliwa kwake, na Tajikistan imeiweka sura yake juu ya noti zake. Al-Farabi naye, ambaye kwa kauli iliyoenea alizaliwa Farab penye mto wa Syr Darya, alichapwa katika noti za Kazakhstan mwaka 1993. Basi nani mwenye haki? Kila mmoja ana sehemu, wala hapana mwenye yote; kwani wakati wao dola hizi hazikuwako na mipaka hii haikuchorwa.

Ama majina ya Kilatini, hayo yalitoka Uspania. Katika karne ya 12, mjini Toledo, vitabu vilifasiriwa kutoka Kiarabu, na neno Ibn likatamkwa Aven. Hivyo Ibn Sina akawa Avicenna, na Ibn Rushd akawa Averroes. Kwa kuwa vitabu vile vilikuwa vya Kiarabu, Wazungu waliwaita wenyewe wote Waarabu. Ibn Rushd, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1126, walimpa lakabu ya Mshereheshaji kwa sababu ya sherehe zake juu ya vitabu vya Aristotle. Lakini mtu huyo huyo alikuwa kadhi, na wanafunzi wa fiqhi wamjua kwa kitabu chake cha Bidayatul Mujtahid. Lakabu ile ya Ulaya yaonyesha upande mmoja tu wa uso wake.

Ndugu zangu, haya si maneno ya kupitisha wakati. Kijana asiyejua kuwa Avicenna ni Ibn Sina hudhani elimu haikupata kukaa nyumbani kwao. Na anayejua nusu hujifakhirisha kwa kabila, akamdharau mwenziwe. Yote mawili ni hasara. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, yatufunza kuwa mataifa na makabila ni ya kujuana, na utukufu ni kwa ucha Mungu. Wanachuoni hao walipingana vikali: al-Ghazali aliwakosoa al-Farabi na Ibn Sina, na Ibn Rushd akamjibu al-Ghazali. Walipimana kwa hoja, hawakuulizana miji.

Kwa hiyo, mzazi, mwanao akija na jina la mwanachuoni, muulize: Alizaliwa wapi? Aliandika kwa lugha gani? Nani aliyempa lakabu yake, na kwa sababu gani? Kisha muulize lililo kubwa zaidi: Alisema nini?

Wabillahi tawfiq.