UCHAMBUZI: Injini haijamwondolea nahodha haja ya kuujua upepo

KUSI inapopamba moto kati ya Juni na Agosti, taarifa za boti kupinduka hazikosi kusikika Pwani. Lawama huelekezwa kwa wingi wa mizigo na uhaba wa jaketi za kuokoa maisha. Ni lawama za haki, lakini zinaacha swali moja: kwa nini chombo kilikuwa baharini saa ile?

Mababu walisafiri kwa kalenda ya pepo. Kaskazi, inayovuma takriban Disemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi, ya Aprili hadi Septemba, iliyarejesha. Baina ya misimu hiyo upepo hugeukageuka, nao mabaharia wakakiita kipindi hicho tanga mbili. Kila siku nayo ilikuwa na ratiba yake: mvuvi aliondoka alfajiri akisukumwa na umande kutoka nchi kavu, akarejea alasiri kwa upepo wa baharini.

Enzi hizo tanga ndilo lililokuwa hakimu. Upepo ukikataa, safari haikuwepo. Ilipokuja injini, hukumu ilihamia kwa binadamu: abiria mwenye haraka, mwenye chombo anayesaka nauli, na nahodha kijana ambaye pengine hakuna aliyemfunza kuyasoma maji.

Hatari kubwa mara nyingi haiko mbali baharini bali mlangoni, pale hori au mkondo kati ya visiwa unapofungukia bahari kuu. Maji yanapokupwa hutoka kwa kasi na kukabiliana na kusi inayovuma kuelekea pwani. Mawimbi hukaribiana, husimama wima na kuvunjika. Mahali palipopitika asubuhi panaweza kujaza boti maji saa chache baadaye. Hali huwa mbaya zaidi wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwani huko Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita tatu.

Wakazi wa Lamu hawahitaji kusimuliwa hayo. Agosti 2017, katikati ya msimu wa kusi, boti iliyotoka Kizingitini ilizama, na watu kadhaa wa familia moja wakaangamia.

Ni kweli kwamba Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokikaribia kisiwa cha Mafia nchini Tanzania, wavuvi wa Kenya walionywa mapema kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa. Vimbunga ni nadra karibu na Ikweta, hivyo uzoefu wa mzee pekee usingetosha kukibashiri. Hata hivyo, utabiri huzungumzia Pwani nzima. Hauwezi kumwambia nahodha wa Kipini jinsi mawimbi yatakavyokuwa saa nne asubuhi pale Mto Tana unapoingia baharini. Hilo hulijua mzee wa pale pale.

Elimu hizi mbili zinafaa kukutana bandarini, kabla kamba haijafunguliwa. Vikundi vya usimamizi wa fuo vinaweza kubandika utabiri na jedwali la maji kila asubuhi, kumsikiliza mzoefu wa eneo, kisha vipewe uwezo wa kuzuia safari.

Lakini marufuku bila chakula ni maneno matupu. Mvuvi anayeishi kwa samaki wa leo atakaidi tahadhari iwapo watoto watalala njaa. Kaunti za Pwani hazina budi kufikiria akiba ya kuwakimu wavuvi siku za tahadhari, la sivyo gharama ya usalama itaendelea kubebwa na wasio nacho.

Wahenga walisema bahari haishi zinge. Injini imempa nahodha nguvu ya kuondoka wakati wowote, lakini haikumhakikishia kurudi.